Nadhiri Niliyomwekea Zuhura

Bofu, Likoni
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa kaka yangu Shee,

Bismillahi. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo kaka. Miguu yako naishika kutoka huku mbali, na najua ungekuwa mbele yangu ungenizuia na kuniambia nikae nipoe kwanza. Goti lasemaje? Yale mafuta ya kuchua niliyokuletea mfungo sita, mwezi wa maulidi, yamekufaa, au bado wapanda ngazi za msikiti kwa kushika ukuta? Na wifi yangu hajambo? Na wale wanafunzi wako wa chuo cha Kurani, wangali wakikuficha bakora?

Sisi huku wazima wa viungo. Moyo ndio mgonjwa, na ndio ulionishikisha kalamu.

Utashangaa kuona barua na simu ninayo. Nimekupigia mara mbili wiki hii. Mara ya kwanza ulipokea ukasema, "Mwanaidi, kuna nini?" nami nikakwambia nilitaka kukujulia hali tu, nikakata. Mara ya pili sikungoja upokee. Kwenye simu nitalia, kaka, na nikilia sielezi. Kwa kalamu naweza kusimama, nikapangusa macho, nikarudi pale nilipoachia. Barua hii anakuja nayo shemeji wa jirani yetu, apanda basi kesho asubuhi, Jumanne inshallah utakuwa nayo mkononi. Isome peke yako. Siku zetu ni chache, mwisho ni Ijumaa hii.

Habari ni za Zuhura. Wajua mwanetu alikuwa anamaliza mwaka wa pili wa uuguzi kule bara, na wajua aliugua mapafu akarudishwa nyumbani. Ambalo hujui ni kwamba alipokuwa angali kitandani, chuo kikuu chake kilitangaza kuwa somo la uuguzi linafungwa, kila mwanafunzi atafute pa kuhamia. Akapona, alhamdulillahi, akaanza kuandika maombi. Amekubaliwa mahali pawili.

Chuo cha kwanza ki ng'ambo hapa tu, ukivuka feri na kupanda gari moja umefika. Ataondoka asubuhi, atarudi jioni, atalala kitandani mwake. Lakini hawana uuguzi. Wamempa somo la afya ya jamii, tena aanze mwaka wa kwanza, kana kwamba ile miaka miwili hakuwahi kuketi darasani. Chuo cha pili kiko magharibi kabisa ya nchi, na baridi ya huko ni dada yake ile iliyomwangusha. Huko wamezipokea alama zake zote, anaingia mwaka wa tatu, na uuguzi wake ule ule. Akikubali kimoja, kingine kinafutika palepale. Ijumaa ikipita hajajibu, nafasi zote mbili wanapewa wengine.

Babake aliliona jibu mara moja. Si wamjua Athumani, analinda ghala Changamwe miaka yote hii na bado husema kama nahodha. "Mtu amefika katikati ya maji, utamwambia arudi ufukoni aanze tena kuogelea? Aende bara."

Mimi nikasema haendi.

Waliponiuliza kwa nini, nikaleta kila sababu iliyonijia. Nikataja baridi. Zuhura akasema, "Baridi huvaliwa sweta, Mama." Nikataja chakula, kwamba huko hakuna samaki wala nazi, atakula nini. Akanijibu, "Watu wa huko wanakula, tena ni wanene kukushinda." Nikataja umbali, akanionyesha ramani kwenye simu kana kwamba ramani inapunguza njia. Tulicheka siku ya kwanza. Siku ya nne hatukucheka tena. Aliniambia, "Mama, wewe una jambo hulisemi." Nikainamia kofia niliyokuwa nikiishona, nikajifanya nimepoteza tundu la sindano.

Sasa nakwambia wewe lile jambo, na hata kuliandika naona uzito.

Siku ya tatu ya Zuhura katika hospitali ya huku pwani, daktari alipita asubuhi, akatazama karatasi yake, akaenda zake bila kunitazama machoni. Watu walikuwa wakipiga deki. Mwanangu ana mpira wa hewa puani na midomo imebadilika rangi. Nikakishika kile chuma cha kitanda nikasema, kwa sauti, si kwa kunong'ona: "Ewe Mola wangu, ukinirudishia Zuhura, ni nadhiri yangu kwako, havuki tena kwenda kusoma bara. Atakaa mbele ya macho yangu." Mwanamke aliyekuwa akimuuguza mamake kitanda cha pili akaitikia, "Amina." Baadaye nilimjua, ni Mama Riziki, Mdigo wa huku huku Likoni.

Baada ya siku mbili Zuhura aliomba uji.

Waona, kaka? Watu huweka nadhiri ya kufunga, ya kuchinja mbuzi, ya kusomesha maulidi. Mimi niliweka nadhiri ya miguu ya mtu mwingine, naye amelala hasikii. Wewe uliyenifundisha Kurani ungenifinya sikio pale pale. Lakini hukuwako, na mimi elimu yangu ni ya darasa la saba na juzuu zako, na mwanangu alikuwa akifa.

Nilidhani siri hiyo itakufa nami. Jumatatu iliyopita nikamtuma Zuhura sokoni aninunulie nyuzi za kofia. Huko akakutana na Mama Riziki, anauza madafu. Mwanamke wa watu akamkumbatia mbele ya wateja. "Si ndiye wewe! Kumbe u mzima, mashaallah! Mamako alikuombea kwa nadhiri, masikio yangu haya yalisikia. Alisema huvuki tena kwenda bara. Basi tulia hapa mwanangu, ukiondoka utamtia mamako dhambini." Akampa madafu mawili na bei akakataa.

Zuhura akarudi, akaniwekea nyuzi mapajani. "Mama, ni kweli?"

Nikasema ni kweli.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya."

Nikangoja afoke. Wallahi kaka, ningefurahi kama angefoka. Yeye akasema, "Basi yamekwisha. Nitasoma hapa ng'ambo." Akaitungua sare yake nyeupe iliyokuwa nyuma ya mlango, akaikunja, akaitia chini kabisa ya sanduku, chini ya mashuka.

Utasema nimepata nilichokitaka. Nami nilidhani nitalala usingizi. Lakini mtoto huyu tangu alipopata nguvu alikuwa na kile kipimo chake cha presha, na kila alasiri wazee wa mtaa walikuwa wakija barazani kwetu kufungwa mkono. Alikuwa akiwagombeza kwa kula chumvi, nao wakimwita Daktari, wakimtania eti atawaua kwa chakula kisicho ladha. Siku ya pili yake bibi wa nyumba ya nyuma akaja na mkono ameshaukunjua. Zuhura akamwambia kwa adabu, "Bibi, nenda zahanati, mimi si wa kazi hiyo tena." Bibi wa watu akanitazama mimi. Nikaingia ndani.

Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Nilikwenda kwa ustadhi wa msikiti wetu nikamweleza yote kwa nyuma ya pazia. Akaniambia nadhiri haimfungi mtu asiyeiweka, na mimi niliyeiweka nitoe kafara ya kiapo, nilishe masikini kumi, nimwachie mtoto njia yake. Nikalia kwa furaha. Ijumaa juzi nikapika wali na mchuzi wa samaki sinia mbili. Kuwapata hao kumi ndiyo ilikuwa kazi, maana kila jirani aliyesikia harufu alisema, "Hata sisi masikini, Mama Zuhura!" Athumani akasimama mlangoni anahesabu watu kama anavyohesabu malori ghalani, huyu masikini, huyu si masikini, huyu ana televisheni kubwa kuliko yetu. Walikula, wakaomba dua, wakaondoka.

Nikamwita Zuhura. Nikamwambia, mwanangu, nadhiri nimeifungua na wewe umefunguka, jibu chuo cha bara leo hii.

Alikuwa akiosha sinia. Hakugeuka. "Kafara umetoa yako, Mama. Pumzi nilipewa mimi. Ahadi ya Mungu haichezewi."

Nikamwambia ustadhi amesema. "Ustadhi hakuwako pale kitandani." Nikamwambia mimi mamako nakuachia. "Mungu hakukuuliza kama unaniachia." Nikamwambia babake aseme naye. Athumani akavaa viatu vya kazini, saa ya zamu bado, akasema, "Mimi sikuwako mlipoandikiana mkataba na Mungu. Msinifanye shahidi." Akaenda zake kwenye feri. Lakini nilimwona anapangusa uso kwa kofia njiani, na ile kofia nilimshonea mwenyewe ya Idi, hajifutii jasho nayo.

Basi hapa ndipo nilipofika. Kila nikinyanyua mikono niombe, sijui niombe nini. Niliomba apone, akapona. Sasa nimuombe Mungu asahau nilichomwambia? Nasali, nasahau rakaa ngapi nimesali, naanza upya. Ijumaa inakuja na mwanangu anakwenda kuzika kazi yake kwa mikono yake, na koleo nimempa mimi.

Kaka, wewe ndiye uliyemfinyanga. Ile miaka miwili aliyokaa kwako akiwa mdogo, neno lako analiweka juu ya langu, na sikuonei wivu. Nakuomba uzungumze naye. Usimsomee hukumu, hizo anazijua. Mwambie hivi: mama yako pale hospitali aliogopa, akafanya biashara na Mungu, na Mungu si mfanyabiashara. Alikuponya kwa rehema zake na angekuponya hata kama mama yako angenyamaza. Mimi nikimwambia haniamini, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kinyume chake. Utamwambia?

Nisalimie wifi yangu mwambie leso yake ninayo, nitamletea mwenyewe. Nisalimie shangazi yetu Mwanakombo, mwambie dua zake nazihitaji kuliko kawaida. Nisalimie mwanao Ali na mkewe, na yule mtoto wao mchanga mbusuni utosini kwa niaba yangu. Na ukienda makaburini Alhamisi, wasomee wazee wetu Yasini, na kwa Mama kaa kidogo zaidi.

Nilikuwa nimefika hapa, nataka kutia jina, Zuhura akaingia na nguo alizoanua. Akauliza naandika kwa nani. Nikamwambia kwa mjombako. Akaziweka nguo kitandani, akasoma karatasi hizi mbili za mwisho akiwa amesimama nyuma ya bega langu. Sikumzuia. Alisoma polepole, kisha akasema, "Hukumwandikia ukweli."

Nikamwambia, neno lipi si kweli?

"Hapa unaposema nashika ahadi."

"Si ndivyo ulivyoniambia?"

Akachukua shati la babake akaanza kulikunja, akalikunjua, akalikunja tena. "Mwandikie naogopa, Mama. Niliamka kule bwenini siwezi kuvuta pumzi na siwezi kumwita mtu. Ukisema nadhiri, watu wanaelewa. Nikisema naogopa, nitakuwa muuguzi gani?"

Kaka, wiki nzima nimekuwa nikibishana na nadhiri. Nilimshika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu hakuutoa. Nimeandika kama alivyoniagiza. Yale niliyokuomba umwambie, yaache kwanza. Muulize habari za bwenini na umsikilize mpaka amalize.

Piga simu yake, usipige yangu. Amesema atapokea.

Mimi ndugu yako wa tumbo moja,
Mwanaidi