Uzi Mmoja na Sekunde Ishirini

Katindo, Goma

Mdogo wangu Kahindo,

Nakusalimu wewe na wote mlio hapo Butembo. Kikohozi cha Mama kimetulia? Na Papa, bado anakataa kutembea na fimbo? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unaoniuma, na kwenye simu ungenikatiza kwa upole wako kabla sijamaliza. Kwa hiyo naandika, na dereva wa lori la maharage amekubali kukukabidhi barua hii mkononi.

Unaijua kazi yangu hapa: ile programu inayowapangia wauguzi wa vituo vyetu vyote mahali pa kufanya kazi. Hutafuta kimya kimya huku makarani wakitumia kompyuta zile zile. Hujaribu mpango mmoja, ukigonga mwamba hujaribu mwingine, mpaka ipate unaowatosha wote. Mwanzoni niliipa nyuzi nane, yaani kama watafutaji wanane kwa pamoja, na nusu saa ya kutafuta. Kompyuta za makarani zikawa zinakwama. Chef wetu, mkuu wa ofisi, akaja mezani kwangu.

“Masika, punguza ile kitu. Iache na uzi moja, sekonde makumi mbili, basi.”

“Chef, kuko maombi ya kuhama yenye haitamaliza kutafuta.”

“Yenye haimalizi, andika haiwezekani. Mutu anataka ndiyo ao hapana.”

Nikaandika. Ni mstari mmoja tu, Kahindo, niliuandika kwa mkono wangu, kisha nikaenda kula. Chef namchukia kwa hilo, lakini yeye hajui hata programu inaanzia wapi. Mimi nilijua kwamba muda kuisha si sawa na jibu kukosekana, nikanyamaza kwa sababu nilichoka kubishana.

Wiki ile ile ombi lako la kuhamia Goma likapita humo, likarudi na ‘haiwezekani’. Ulinipigia simu ukauliza, “Yaya, dada yangu, imetafuta muzuri kweli?” Nikakujibu kwa maringo kwamba mashine haina ndugu wala haichoki, ikikataa imekataa. Ukaniamini. Ukamwambia mchumba wako Deo asiendelee kukungoja, maana kazi usingeweza kuiacha, dawa za Mama zinaitegemea, na yeye karakana yake ya useremala iko huku. Papa akawarudishia wakwe mbuzi wao. Baada ya Pasaka Deo akaoa. Nilikwenda harusini, nikapiga makofi kama wengine.

Mwezi huu, siku moja ya mapumziko ofisi ikiwa tupu, nilirudisha nyuzi zote nane, nikaondoa kikomo cha muda, nikalipitisha tena ombi lako kwa orodha ya wakati ule ule. Nikatoka kununua mahindi ya kuchoma. Niliporudi jibu lilikuwa kwenye kioo. Muuguzi mmoja wa Goma alikuwa anaomba Beni, mwingine wa Beni anaomba Butembo, na wewe unaomba Goma. Ilikuwa kupokezana viti tu. Ilichukua dakika nne. Mahindi sikuyala.

Chef nilipomwonyesha alisema, “Rekebisha ya mbele. Ya nyuma achana nayo, utatuletea maneno.” Safari hii sikunyamaza. Nilikwenda kwa mkurugenzi, nikaeleza yote, na kosa langu nikalitaja kwanza. Wale wengine wawili bado wanataka kuhama, basi akasaini.

Karatasi ya uhamisho wako imo ndani ya bahasha hii. Unaanza mwezi ujao, kwenye kituo ambacho ukitoka langoni unaona nyumba ya Deo na mkewe. Sijui kama nimekusaidia au nimekutonesha kidonda. Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Ukitaka kuichana, ichane, sitauliza.

Nisalimie Mama, umwambie dawa asiziache. Nisalimie kaka yetu Paluku na mkewe, na shangazi Katungu, dada yake Papa, aliyetulea sote. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba Papa mpaka leo anawasimulia majirani jinsi ulivyomkataa Deo kwa kiburi cha kazi. Kabla hujaikunja barua hii, kaa na Papa umsomee yote kwa sauti, mpaka penye jina langu.

Dada yako,
Masika