Amesema Springi Tu Zatosha

Amalemba, Kakamega.
Alhamisi, saa nne asubuhi.

Kwa mdogo wangu Mideva,

Pokea salamu zangu mimi dada yako Rosebella, na za Shantel, ambaye bado hajui kusalimia lakini akiona picha yako ukutani anapiga makofi. Hapa kwetu Mungu ametushika. Mvua inakuja kila alasiri, nguo hazikauki, na sukuma ya nyuma ya nyumba imenawiri mpaka majirani wanachuma bila kuomba. Je, wewe uko aje huko Eldoret? Baridi imepungua? Na kile kidole ulichobanwa na jeki, kimepona? Ulisema kucha imegeuka nyeusi. Nimekifikiria sana hicho kidole, hata kama hutaamini.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu iko. Simu nimejaribu, Mideva. Mara tatu nimekupigia, na mara tatu tumeongea habari za mama na mahindi na meno ya mtoto, kisha nikakwambia kredit inaisha. Haikuwa inaisha. Kwenye karatasi siwezi kujikatia. Uvumilie mwandiko tu, unajua kalamu niliiweka chini kidato cha pili.

Nianzie Pasaka ulipotutembelea. Unakumbuka Joash alivyokuwa analia na gari lake, eti limesimama juu kama jogoo anayevuka tope, na wenzake wa Jumapili, wale wanaokutana kuonyeshana magari, wameshusha yao mpaka yanalala barabarani kama paka. Mimi kwa miezi miwili nilikuwa namsikiza na kumjibu tu eh, kumbe. Wewe ulifika, ukaweka mkoba chini, ukaenda moja kwa moja kwa gari na gauni lako la kanisani. Ukamwambia aingize vidole kati ya gurudumu na madigadi, vikaingia vinne. Ukagandamiza pembe ya gari kwa mikono miwili, ukaachia, likaruka mara mbili ndipo likatulia. Ukasema gari lenye shokabu nzima linaruka mara moja na kunyamaza. Hizi zimechoka, na ukizifungia springi fupi zitakufa kabisa. Ukamwambia kwa barabara zetu na matuta yetu, na mtoto ndani, achague: aliache gari kwa kimo chake, ama atafute seti nzima, springi na shokabu zilizotengenezwa kufanya kazi pamoja, na lishuke vidole viwili tu, visizidi. Joash alikuwa anakuangalia vile watu wanaangalia mhubiri.

Kisha tukaingia kula. Nilikuwa nimesonga obusuma na kupika yule kuku aliyeletwa na mama kutoka Lugari. Firigisi nikaiweka kwa sahani ya Joash kama tulivyofundishwa, kwamba ni ya mwenye nyumba. Akachukua kisu akaikata katikati, nusu akakutilia wewe, akasema fundi wake hawezi kula shingo kama wanawake wengine. Ulicheka ukaila. Mideva, nimekaa na huyo bwana miaka mitatu, kuku wote waliokufa jikoni mwangu nimewachinja mimi, na sijui firigisi ina ladha gani. Siku hiyo niliosha vyombo mara mbili ili nisirudi kuketi nanyi.

Tangu hapo kila jioni akimaliza chai ni simu. Anaanza, bibi mdogo umeshindaje. Nawe unamjibu, mzima bwana yangu, huyo mkubwa amekupa chakula ama unalala njaa? Simu iko kwa spika, nyumba inacheka, na mimi nacheka. Ningefanya nini? Shemeji kutaniana ni haki yao. Baba na mama mdogo Beldina walitaniana hivyo mpaka siku ya mazishi ya baba na mama hakununa hata mara moja. Mwanamke akikasirishwa na utani wa shemeji, watu wanamuuliza kama ana akili timamu. Kwa hivyo sikuwa na mahali pa kupeleka kile kitu kilichokuwa kinaniuma. Tena si utani ulioniuma sana. Ni yale mazungumzo ya baada ya utani, ya vimo na uzito na springi ngumu na springi laini, saa nzima, na Joash sauti yake inakuwa ya kijana. Baba aliposema mmoja wetu abaki nyumbani ili mwingine asome, nilibaki mimi, na sikulalamika. Nilidhani nimekuachia vitabu tu. Sikujua nakuachia na maneno ya kuzungumza na bwana yangu.

Basi Joash akakubali seti nzima. Mkapanga aje huko Eldoret, umfungie mwenyewe kwa gereji yenu, aende Ijumaa arudi Jumapili, alale kwa rafiki yake Kipngetich. Yote hayo niliambiwa, hakuna aliyenificha. Lakini Jumatano alitoa ile shati ya samawati ya ubatizo wa Shantel, akaipiga pasi mwenyewe, mikono yote miwili, na kola. Nani anavaa shati ya ubatizo kwenda gereji?

Siku iyo hiyo fundi Barasa wa hapa mjini alimwambia amepata springi fupi, anaweza kuzifunga Ijumaa, hakuna haja ya kwenda Eldoret. Wenzake wa Jumapili wakamwambia seti nzima ni ya watu wa mashindano, kwa mtu wa kuendesha mjini springi zatosha. Akachanganyikiwa. Alhamisi asubuhi akienda kazini aliniambia nikupigie mimi, maana kazini simu haziruhusiwi na Barasa alitaka jibu siku hiyo, nikuulize kwa mara ya mwisho, na utakavyosema ndivyo atakavyofanya. Nikakupigia. Hapo nitarudi. Acha kwanza nimalize habari ya gari.

Barasa alifunga springi, na Joash kwa haya ya kukunyima kazi akaacha zile simu za jioni, nami nikakwambia safari imesogezwa, ana shughuli nyingi. Gari likalala chini, likawa zuri, siwezi kudanganya. Jumapili hiyo Joash alilizunguka kama bwana harusi. Wiki ya pili likaanza kurukaruka, ukipita kokoto unaijua ilivyo kubwa. Joash akasema litazoea. Halafu ikafika siku ya kumrudisha mama Lugari, baada ya mwezi wake wa kukaa na mjukuu. Mama alikaa nyuma, Shantel mapajani. Tulipopita Malava kuna tuta ambalo Joash hakuliona mapema. Gari lilishuka mpaka chini kabisa, likagonga kama nyundo kwa chuma, likarushwa juu tena, na mdomo wa mtoto ukapiga kidevu cha mama. Mideva, damu ilijaa kwa kitambaa cha mama. Mdomo ulipasuka ndani, na lile jino moja jipya likalegea. Sasa limeshika, daktari ametutuliza, usiogope. Lakini pale kando ya barabara tulikuwa hatujui.

Mama akauliza ni nani aliyesema gari la mtoto lifanywe hivi. Joash akajibu, ni Mideva. Akasema alikuuliza mara mia na mwisho ukasema springi tu. Akasema cheti chako ni cha kufunikia sufuria. Mama aligeukia dirisha. Aliangalia tu mahindi ya watu mpaka tukafika, na aliposhuka akasema polepole kwamba mtoto aliyesomeshwa na nyumba nzima hangesema neno bila kufikiri.

Ndiyo sababu Joash hashiki simu zako. Hana shughuli nyingi kama nilivyokwambia. Na kuna lingine. Yule Ochieng mwenye gereji hapa mjini, aliyesema atakuchukua kazi mwezi ujao ili uwe karibu na mama, hajakupigia kwa sababu Joash alikwenda kumwambia asichukue fundi ambaye hajui shokabu. Najua ulishamuaga mwenye nyumba. Uliniambia mwenyewe, ukiwa na furaha, ukaniuliza kama Amalemba kuna chumba karibu na changu. Nikakwambia nitaangalia.

Sasa narudi kwa ile Alhamisi. Ulishika simu, mashine zilikuwa zinalia nyuma yako, ukatoka nje ili unisikie. Ukasema, dada mwambie seti nzima, hata kama atangoja mpaka Desemba, springi peke yake asifunge, Shantel ataumia. Ulisema hivyo kabisa, ulitaja jina la mtoto wangu. Joash alipokuja kula saa saba akaniuliza, Mideva amesemaje? Na ile shati ilikuwa inaning'inia mlangoni. Nikamwambia, amesema springi tu zatosha.

Maneno manne. Sikuyapanga, lakini nilipoyasema nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetua maji. Akairudisha shati kwa sanduku. Nikampakulia mboga zaidi.

Ningependa kukwambia nilijuta siku hiyo, lakini nilijuta Malava tu, na hata Malava sikujuta mara moja. Joash alipotaja jina lako kwa hasira, mtoto akiwa bado analia mikononi mwangu, kuna kitu kidogo ndani yangu kilichofurahi. Hicho ndicho ninachokiogopa, Mideva. Mtoto wangu anatoka damu kwa uongo wangu na mimi nafurahi kwamba hatimaye bwana yangu hakusifu.

Juzi, gari likiwa kwa Barasa likaguliwe, nilikwenda kwake na Shantel mgongoni, nikamwomba anionyeshe. Alishangaa, akainua gari, akanishikia taa. Nikaona shokabu zote mbili za nyuma zimelia mafuta mpaka chini, yameshikana na vumbi kama uji ulioungua. Lilipowekwa chini niligandamiza pembe ya gari kama ulivyofanya Pasaka, nikaachia, nikahesabu. Mara tano. Barasa akaniambia mtu yeyote aliyesomea kazi hii angejua springi peke yake zitaleta haya kwa shokabu kuukuu. Nikamjibu alijua. Aliyesomea alijua na alisema. Ni mara ya kwanza kusema hivyo kwa sauti, na nilimwambia Barasa, si bwana yangu.

Joash anakuja kula saa saba. Nitamwekea chakula, akishiba nitampa barua hii aisome mbele yangu kabla sijaifunga. Kwa mdomo nitaanza kuizungusha, najijua. Jina lako kama fundi nililichafua kwa maneno manne nikiwa nimesimama jikoni, na litasafishwa nikiwa hapo hapo. Sikuombi unisamehe upesi. Naomba tu usimwache Shantel akue bila kukujua, na ule mwezi ujao usiufute kwanza. Mimi natumaini. Unajua mimi hukosi kunikuta natumaini, hata mahindi yakikauka.

Nisalimie wenzako wa gereji na yule mama anayekuuzia maziwa. Ujifunge sweta. Kidole usikiloweshe maji baridi. Mungu akulinde chini ya hayo magari ya watu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nilipokukosea,
Rosebella, mama Shantel.

Nyongeza, saa kumi alasiri.

Amesoma. Alisoma mara mbili, kidole chini ya mistari, chakula kikapoa. Hakunipigia kelele, ningefurahi kama angepiga. Aliniuliza swali moja, eti ni kweli kwa miaka hii yote sijawahi kuonja firigisi? Nikasema ndiyo. Akatoka akaketi ndani ya gari, milango imefungwa, kama nusu saa. Kisha nikamsikia anaongea na Ochieng kwa simu. Alimwambia mwenye kosa ni yeye na nyumba yake, si fundi, na kama bado ana nafasi asimpe mtu mwingine. Ochieng amesema atakupigia leo jioni. Shika simu hata kama huijui namba. Kwa mama tutakwenda pamoja wiki ijayo, na mimi ndiye nitakayesema.

Mpaka sasa Joash hajaniambia neno lingine, ila tu kwamba kesho analeta gari huko ulifungie seti nzima, na barua hii atakuletea mwenyewe, kwa sababu na yeye ana maneno ya kukuomba uso kwa uso. Barasa atamrudishia springi za zamani jioni hii, naye ataendesha polepole. Nilitaka kuja naye, roho ilinituma sana, lakini nimekataa. Mtoto hatapanda gari hilo mpaka wewe uliguse. Kwa hivyo anakuja peke yake, siku zile zile ambazo nilidanganya ili asizipate. Shati ya samawati nimempigia pasi mimi.

Wivu haujaisha, nisikudanganye tena. Mfungie gari vizuri, umwachie vidole viwili, na Jumapili umrudishe kabla ya mvua. Akifika nitaligandamiza kwa mikono yangu mwenyewe, nihesabu. Na mkichinja kuku huko, kateni firigisi mara tatu. Kipande changu mkifunge kwa karatasi, aniletee.