Diski Iliyosema Imeandika

Jumatatu, 3 Machi

Imepita! Bajeti ya seva mpya ya maabara na hifadhi ya damu hapa hospitali imepita, na kuchagua diski nimeachiwa mimi. Nimetembea korido nzima nikijichekea kama mwehu. Wenzangu hufurahia viatu, mimi diski — kila mtu na lake.

Kasuku, ninayegawana naye meza, keshaanza. Tuchukue kubwa kuliko zote, anasema, tusije tukabanana. Nikamwambia rekodi zetu za miaka sita zinaenea kwenye kona ya diski moja. Kanzidata, hilo ghala la rekodi, haitaki tumbo kubwa, inataka mkono mwepesi wa kuandika. Akasema basi mimi ningefaa kuwa kanzidata, isipokuwa hapo kwenye tumbo. Mshenzi! Nilicheka mpaka machozi.

Nyumbani wifi hakucheka. Kikao chake cha nidhamu ni Ijumaa. Mwezi uliopita mfuko mmoja wa damu ulitoka kwenye zamu yake, na kwenye rekodi haupo. Yeye anaapa aliuandika, kompyuta ikamjibu "imehifadhiwa", mara umeme ukakatika. Wakubwa wanasema hakuandika. Wapo na wanaonong'ona kwamba aliuuza. Auze damu! Dada wa mume wangu huyu, anayeazima sindano ya kushonea na kuirudisha na uzi wake! Wakimkuta na hatia anaondolewa hifadhi ya damu, na barua ya onyo itamfuata kila aendako. Miaka kumi na moja pale.

Jumanne, 4 Machi

Muuzaji ameleta diski tatu za kujaribia. Ya kwanza ni ya kuzunguka, inanguruma kama paka mzee. Ya pili na ya tatu ni za chipu tupu, kimya kabisa. Kutwa nimezipima kuandika. Ya kwanza inajikokota. Ya tatu si haba. Ya pili — mama yangu! Hujamaliza kuomba, imeshajibu imeandika. Kasuku: "Olewa nayo tu, dada."

Fundi umeme, mzee wetu, alikuwa chini ya meza anatengeneza soketi. Akauliza hukohuko chini: na umeme ukikatika katikati ya kuandika? Nikamwambia tuna betri ya akiba, mzee. Akasema mwezi uliopita si aliipeleka karakana siku tatu, nimesahau?

Sikusahau. Ila sikuwahi kuziweka siku hizo tatu pamoja na kesi ya wifi. Nimeoga, nimekula, bado nazihesabu. Zamu yake ilikuwa siku ya pili.

Jumatano, 5 Machi

Tumeng'oa waya kutwa nzima!

Kompyuta moja inaiandikisha diski namba: moja, mbili, tatu. Diski ikijibu "imeandikwa", kompyuta ya pili, upande wa pili wa chumba, inanakili jibu hilo. Halafu Kasuku anang'oa waya wa umeme, pwaa! Tunawasha, tunalinganisha.

Diski ya pili ilidai imefika 4,112. Tulipoifungua, mwisho 4,097. Kumi na tano hazipo! Tukarudia mara tisa. Mara saba ilidanganya. Inapokea, inaweka kwenye kumbukumbu yake ya muda, inajibu imeandika, na kuandika kwenyewe bado. Njia ya mwongo ni fupi — hii ya kwake ina urefu wa waya.

Ya tatu: mara tisa, hakuna hata moja iliyopotea. Ina akiba ndogo ya umeme ndani yake, inamalizia neno kabla ya kuzima. Kasuku aliirushia busu. Mimi nikaruka. Wifi hakusema uongo!

Kisha nikageuza ile ya pili kuangalia lebo. Aina ileile iliyomo kwenye seva ya zamani ya hifadhi ya damu. Nikafungua faili la miaka miwili iliyopita kuona nani aliichagua, na sababu. Sababu: "Kasi yake haina mfano." Mwandiko wangu. Sahihi yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Bwana Ugavi, mkuu wa manunuzi, ameniita nimweleze. Ameelewa upesi, nampa haki yake. Akasema kesho kikaoni nionyeshe jaribio, ila kutaja nani alichagua diski hakuna haja, niandike "hitilafu ya umeme" yaishe. Alisema kwa huruma kabisa. Nikasema nitafikiri. Nimefikiri. Tabu ni kwamba umeme haukuwa na hitilafu. Ulikatika, kama kawaida yake.

Ijumaa, 7 Machi

Wameifuta kesi! Wameifuta!

Niliingia na diski mbili na waya. Muuguzi mkuu mwenyewe ndiye aliyeng'oa — kwa nguvu mpaka soketi ikalia, nadhani alikuwa na yake moyoni. Akasoma namba kwa sauti. Akavua miwani. Akamwambia wifi, mbele ya wote: utuwie radhi, mama. Wifi akalia, nami nikalia, Kasuku akajidai anakunja waya.

Diski ya tatu imekubaliwa. Zitanunuliwa nne, zipangwe mbilimbili, kila moja na pacha wake, nikasisitiza pacha watoke maboksi tofauti wasije wakaugua pamoja. Hakuna aliyeuliza za zamani zilichaguliwa na nani. Ripoti ya maandishi inatakiwa Jumatatu.

Nyumbani wifi anamwambia kila anayepita: wifi yangu ameniokoa. Kaka yake kanibeba juu juu hadi mlangoni. Mifupa yake aijue mwenyewe! Nimefurahi, wallahi. Ila kila akisema "ameniokoa" natafuta cha kufanya jikoni.

Jumamosi, 8 Machi

Ripoti imekwisha asubuhi hii. Kurasa tatu. Nimeandika yote, hata nani aliichagua diski ya zamani.

Wifi amesema nakala itaingia kwenye faili lake, basi aisome kwanza. Ni haki yake. Nimempa mkononi mwenyewe, nikakaa, sikukimbilia jikoni. Yuko mbele yangu mezani sasa, anasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama asomavyo lebo za mifuko. Ukurasa wa kwanza umemchekesha — Kasuku na waya wake. Ameniita bingwa. Mume wangu anauliza kuna nini cha kuchekesha, hatumjibu.

Amefungua wa pili. Kidole kinashuka. Kimefika kwenye jina langu, na hakisogei.