Kibanda Kilichofunikwa Shuka

Kwako dada yangu mpendwa,

Kabla ya yote, mshukuru Mungu kwa kuzaliwa tumbo moja na mimi, kwa maana mpelelezi wa kiwango changu hajapata kutokea tangu dunia iumbwe. Paka nikimtazama mara mbili hutema samaki. Baada ya sifa hizo za haki, hujambo? Mama mgongo umemwachia? Mimi ni buheri wa afya, isipokuwa sikio la kushoto, na sababu yake utaisoma.

Ulinituma nije kimyakimya kumchungulia huyu fundi kufuli na watu wake kabla hawajaja Jumamosi kusikia jibu lako la posa, ingawa jibu unalo tayari, maana siku hizi unaimba hata ukiosha vyombo. Basi nimefika. Mji mkongwe kweli: maghala ya mawe yamejipanga kando ya mto, na ngazi za soko zimelika katikati kwa nyayo za watu waliokufa zamani. Lakini mji wenyewe ulinitia shaka tangu mguu wa kwanza. Kila mtu ananisalimu! Mtu asiyekujua akikusalimu mara tatu, anataka nini? Mama mwenye nyumba ya wageni akaniambia mlango wangu hauna komeo wala hauhitaji. Nikaenda kuoga na begi.

Nikamwuliza muuza vyungu: mji usiofunga milango, fundi kufuli anakula nini? Akajibu kwamba kufuli zake hupanda mashua kwenda kwa watu wasioaminiana, kama wa kwetu. Nikajua huyu kahongwa.

Adhuhuri ndipo nilipong'ara. Kibanda kimoja kilifunikwa shuka, mwenyewe hayupo. Mzee mmoja mwenye kofia iliyochoka akaangaza huku na huku, akafunua shuka, akatoa vikapu viwili, akampa mteja, hela akatia mfukoni mwake. Mchana kweupe! Nikamkaba ukosi, nikapiga yowe la mwizi hadi bata wakakimbilia mtoni.

Soko zima likacheka. Muuza vyungu akanivuta sikio huku akinieleza kwamba pale mtu akienda kula hufunika shuka, na jirani humuuzia mpaka arudi. Ndivyo walivyofanya tangu enzi za babu zao. Mzee akaniuliza kwa upole mimi ni wa nani. Nami kwa kuokoa heshima nikatangaza, tena kwa sauti, kwamba mimi si mhuni, nimetumwa na dada yangu kuuchunguza ukoo wa fundi kufuli.

Kicheko kikakatika. Mzee akaokota kofia yake, akaipangusa, akasema nikuambie kwamba wamekwisha chunguzwa. Kuhusu Jumamosi hakusema watakuja wala hawaji.

Nisalimie mama, ila barua hii mfiche. Endelea kuimba, dada, lakini kwa sauti ndogo.

Ni mimi mdogo wako, Jicho la Mwewe, niliyemkaba ukosi baba mkwe wako.