Spika Niliyoipasha Moto

Jumatatu, 7 Agosti 1961

Nimepalilia mpaka jua kali. Mgongo unauma. Mungu asante, mihogo imeshika.

Mwanangu Ochwo ametoka kazini, hata chai hajanywa, moja kwa moja kwa besi yake. Gitaa gani hili, nyuzi nne nene, halina tumbo. Bila stima halisemi kitu. Sauti inatoka kwa amplifaya, sanduku lenye spika kubwa ya karatasi nyeusi mbele. Jumamosi bendi yao inajaribiwa Busia, ukumbi wa Mzee Abdala, densi ya alasiri. Wakimpendeza, watapiga kwake kila wiki. Wakishindwa, Ochwo anasema atamfuata kaka yake Nairobi.

Owino alikwenda Nairobi miaka mitatu sasa. Barua moja. Moja tu.

Sitaki watoto wawili wa barua.

Jumanne, 8 Agosti

Mvua tangu alfajiri. Chumba kizima unyevu. Ochwo kazini. Nikagusa karatasi ya spika, naona imelegea, kama ngozi ya ngoma siku ya mvua. Marehemu baba yao alikuwa mpiga ngoma kwetu Mulanda. Hapigi mpaka ngoma ipashwe moto ikaze. Mimi ndiye nilikuwa nawasha nyasi. Basi nikalivuta sanduku karibu na jiko la makaa. Nikaliacha hapo mpaka chakula kikaiva. Nikafurahi, naona nimemsaidia mtoto.

Jioni akapiga. Nyuzi nyembamba, sawa. Alipogusa ule mnene, spika ikakoroma kama mzee mwenye kifua. Gundi ya pembeni imeachia. Ochwo akasema labda imezeeka.

Nilinyamaza. Mimi mwongo.

Jumatano, 9 Agosti

Amepaka gundi. Bado inakoroma. Spika mpya mpaka itoke Nairobi, wiki mbili. Akasema, "Basi nitaifuata huko huko, mama." Akacheka.

Mimi sikucheka. Nimeunguza ugali.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimesema. Nilisubiri Juma, fundi wa redio, awepo, maana tukiwa wawili tu ningelia. Nikasema ni mimi, nimeipasha moto kama ngoma ya baba yako.

Halafu Juma akacheka mpaka akashika meza. "Mama Ochwo! Umechoma spika, na ugali wake uko wapi?"

Ochwo naye akacheka. Akanishika bega. "Baba naye angefanya hivyo hivyo." Nikalia hata hivyo. Mungu, asante kwa mtoto huyu.

Juma anasema kinachoiumiza spika ni zile sauti za chini kabisa. Zinaisukuma karatasi mbele na nyuma kupita kiasi. Zikizuiwa, zile za juu yake zitapita bila kuichana. Atafunga kapasita ndani ya amplifaya, kitu kama kidole cha mtoto, kina waya huku na huku. Sikuelewa, mpaka nikakumbuka kuosha wimbi, ule ulezi wetu. Unazungusha punje na maji kwenye kibuyu, mchanga mzito unabaki chini, punje safi unazimimina. Nikamwambia. Akasema, "Mama, kumbe wewe ndiye fundi."

Ijumaa, 11 Agosti

Kapasita ya kwanza: kukoroma kumekwisha, lakini besi imekonda. Mbu. Ochwo akanyong'onyea.

Nikasema, ngoja nisikie kutoka barabarani. Baba yao alikuwa ananituma mwisho wa shamba, maana aliye karibu na ngoma haisikii vizuri. Nikasimama matopeni. Nikapiga kelele, "Mmemwaga mchanga pamoja na wimbi!" Majirani wakaniona kichaa.

Juma akafunga kubwa zaidi. Bado kidogo. Akafunga kubwa kuliko hiyo. Hapo sasa! Kila sauti imesimama peke yake, nene, safi. Miguu yangu ikaanza yenyewe. Nikawapungia leso.

Jumamosi, 12 Agosti

Busia. Nimekwenda nao, nikakaa nyuma. Watu wanacheza, mimi naangalia ile spika tu. Sikumbuki hata nyimbo gani.

Wimbo wa tatu Mzee Abdala akasimama na kikombe chake. Akaenda mpaka kwa sanduku, akachuchumaa, akaweka mkono juu yake. Nikajua tumekwisha. Nairobi.

Wimbo ukaisha. Akasema, "Bendi zingine besi yao inavunja vikombe vyangu, mwimbaji hasikiki. Hii nasikia mpaka maneno. Nani kaitengeneza?"

Juma akajikohoza. Ochwo akaninyooshea kidole. "Yule pale."

Mzee akaniangalia, mama mzima na viatu vya matope. "Huyo naye aje kila Jumamosi."

Nilipiga kigelegele. Aibu baadaye.

Jumapili, 13 Agosti

Kanisani nimemshukuru Mungu kwa Ochwo, na kwa Juma, ingawa yeye ni wa msikitini. Nimemwandikia Owino. Sijui kama itafika. Nimemwambia ndugu yako yuko nyumbani, na wewe kitanda chako kipo.

Mvua tena. Ochwo amelala, sanduku liko kando ya ukuta. Nimegusa karatasi. Imelegea kidogo.

Nimelitoa jiko, nikalipeleka barazani. Napikia huko. Mvua inaninyeshea mguu mmoja.