Mkono Ulionyoa Pasaka

Itigi,
Jumanne, 20 Mei 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na jicho lako halitoi tena machozi. Mama naye shikamoo yake. Mwambie karanga zimefika, na nusu nimezila njiani kutoka stendi. Sisi huku hatujambo. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunikatiza. Sasa unaona vizuri, soma mwenyewe mpaka mwisho.

Ni kuhusu wembe wako wa kukunja. Mwaka jana ulipoacha kazi ya kinyozi ukamkabidhi Festo wembe na kinoo, hakukaa navyo hata wiki. Unamjua kaka, moyo wake uko kwenye bodaboda. Aliniletea hapa saluni ninaposuka, akaomba nimnolee asije akaaibika.

Nikanoa kama nilivyokuona ukinoa miaka yote pale stesheni Manyoni: upande mmoja mara kumi, wa pili mara tano. Nikamjaribia Festo mwenyewe. Akaruka kitini akilalamika kuwa namnyonyoa kama kuku. Kutazama makali kwenye mwanga, upande mmoja umelika mpana, wa pili mwembamba kama uzi. Nikadhani kinoo kimebonyea katikati, nikakisugua juu ya msasa uliotandikwa kwenye kioo mpaka kikawa bapa. Wapi! Nikapaka makali wino wa maka peni nione jiwe linagusa wapi: upande mmoja ukafutika wote, wa pili ukabaki.

Ndipo nikakumbuka kifundo chako cha mkono, kile kilichovunjika ulipoanguka na baiskeli. Ukinoa upande ule wa mara kumi mkono wako hauna nguvu, ndiyo maana uliuongezea hesabu. Mimi mwenye mkono mzima nikaiga mpaka maumivu yako! Nilicheka peke yangu, halafu nikakukumbuka sana. Nikageuza hesabu mpaka pande zikalingana, na siku hizi nanoa sawa kwa sawa, kwa mkono mwepesi.

Sasa Festo ananiambia Jumapili utamkabidhi na kiti chako cha kunyolea mbele ya ukoo, kwa vile alivyokunyoa vizuri Pasaka. Baba, nisamehe. Siku ile jicho moja lilikuwa na bandeji ya upasuaji, la pili bado lilikuwa na ukungu. Festo alisimama nyuma ya kiti akipiga soga, na wembe ulikuwa mkononi mwangu. Umesema mara nyingi kwamba mwanamke hawezi kukushikia wembe shingoni, nikaogopa kukuambia. Ulipopapasa kidevu ukasema mkono huo umetoka kwako, nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kwa furaha.

Kiti nakitaka mimi, baba. Festo hakitaki, na ameniruhusu niseme. Jumamosi nitapanda basi, wembe ninao. Kama umekasirika, jinyoe kabla sijafika. Nitaelewa na sitauliza. Kama sivyo, nikukute na ndevu zako.

Nisalimie shangazi Febronia na majirani wote wa Kilimatinde.

Ni mimi binti yako,
Eliana