Kibuyu cha Mama Saitoti

Tindiga, Jumanne

Nisamehe, daftari langu, tangu Neema azaliwe sijakugusa. Leo nimechoka, tena nimekasirika.

Maziwa yangu yamepungua, mtoto ananyonya huku analia. Nesi aliniambia ninywe maziwa ya ng'ombe kila siku, ila niyachemshe kwanza. Jirani yangu mfugaji, Mama Saitoti, huniletea kibuyu kizima bure, lakini kwao wanaamini maziwa yakichemshwa, ng'ombe hukauka.

Leo baada ya shikamoo akakaa mlangoni aone nikinywa.

"Kunywa, mwanangu. Unaogopa nini, yana meno?"

"Mama, nikiugua mimi, Neema atanyonya nini? Nitayachemsha."

"Basi siyo ya ng'ombe wangu." Akabeba kibuyu chake, akaondoka.

Kinachoniudhi ni kwamba yeye na nesi wote wananitakia mema. Dukani siku hizi soda zimejaa za kila rangi, wakati zamani hata sukari tuliipangia foleni. Lakini soda itamsaidia nini Neema?

Kesho namwandikia Baba Neema huko Mikumi. Atume na lori ulezi wa uji kilo tatu, karanga kilo mbili, sukari kilo moja. Na kanga moja nzuri ya Mama Saitoti, arudi tuongee, hata kama hana kibuyu.